MCHEZAJI NAYE NI MFANYAKAZI

Kila msimu wa usajili unapowadia, vijiwe vyetu hugeuka masoko. Huyu atamtaja kiungo fulani kuwa ameuzwa, yule atasema kuwa amenunuliwa, wa tatu atapandisha bei, na wote watabishana hadi kahawa ipoe vikombeni. Neno kuuzwa hututoka vinywani kwa wepesi, kana kwamba litajwalo ni gunia la karafuu. Hatuwalaumu wasemao hivyo, maana ndiyo lugha ya mchezo. Lakini tumeona yafaa leo tuwakumbushe wasomaji wetu, hasa wale waishio kwa ujira wa jasho lao, kwamba palikuwa na wakati ambapo neno hilo halikuwa mzaha hata kidogo, na kwamba alipatikana mchezaji aliyekwenda mahakamani kulipinga.

Mchezaji huyo ni George Eastham, Mwingereza, aliyezaliwa katika mji wa Blackpool mwezi Septemba 1936. Baba yake, aliyeitwa George vilevile, alikuwa mchezaji wa Bolton na aliwahi kuichezea timu ya taifa ya Uingereza mara moja, mwaka 1935. Vita ilipokwisha na umri kusogea, mzee huyo alikwenda Ireland ya Kaskazini kuifundisha klabu ndogo iitwayo Ards huku akiichezea mwenyewe, naye kijana wake akawa pamoja naye katika safu ile ile. Si jambo la kila siku baba na mwana kupigiana pasi mbele ya watu waliolipa viingilio. Kijana alijifunza kazi chini ya baba yake, kama vile mwana wa seremala ashikavyo randa angali mdogo.

Hakuwa mtu wa kutisha kwa umbo. Alikuwa mwembamba, mfupi kidogo, nasi tunadhani kocha wa siku hizi apendaye misuli angempita bila kumtazama mara ya pili. Siku hizo timu zilipangwa na washambuliaji watano, na wale wawili wa ndani, namba nane na namba kumi, ndio waliorudi nyuma kuuchukua mpira kwa walinzi na kuupeleka mbele. Hao ndio viungo tuwaitao leo. Eastham alikuwa wa namna hiyo hasa: mtu wa kuona nafasi kabla haijafunguka, wa kupenyeza pasi katikati ya mabeki wawili, wala hakupenda kugombania mpira kwa mabega.

Mwaka 1956 klabu ya Newcastle United ilimchukua kwa ada ya pauni 9,000. Newcastle ilikuwa klabu yenye jina kubwa, kwani ilikuwa imetwaa Kombe la FA mara tatu ndani ya miaka mitano, 1951, 1952 na 1955. Kijana wa miaka ishirini angetaka nini zaidi? Alicheza vizuri, magazeti yakamsifu, na watu wa kule kaskazini mwa Uingereza, ambao wengi wao walikuwa wachimba makaa na wajenzi wa meli, wakampenda.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo ili tueleze sheria za kazi ya mpira katika Uingereza ya wakati ule, maana bila ya kuzielewa, kisa hiki hakitaeleweka.

Mikataba ya wachezaji ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja. Mwisho wa msimu kila klabu iliandika orodha zake: hawa tunawabakiza, hawa tunawaweka sokoni kwa bei hii, hawa tumewaachia waende zao. Mchezaji aliyetiwa katika orodha ya wanaobakizwa hakuweza kwenda klabu nyingine yoyote ya Ligi, hata kama mkataba wake umekwisha, hata kama yeye mwenyewe hataki tena. Akikataa kutia sahihi mkataba mpya, halipwi. Asipolipwa na klabu yake, hawezi kulipwa na nyingine, kwa kuwa karatasi za usajili wake zimefungiwa katika sanduku la mwajiri wa zamani. Mfikirie mpakuzi wa bandarini ambaye kibarua chake kimekwisha tarehe thelathini, halafu tajiri anamwambia: hufanyi kazi kwangu mpaka ukubali masharti yangu, wala hutafanya kazi kwa mwingine mpaka nipende mimi. Hivyo ndivyo walivyoishi wachezaji. Wenyewe waliuita mkataba huo mkataba wa utumwa. Ndugu zetu ambao mababu zao walipitishwa katika soko la Zanzibar watasema, na kwa haki, kuwa utumwa ni jambo zito kuliko hilo. Walakini twafahamu walichokusudia.

Juu ya kifungo hicho palikuwa na kingine, nacho ni kima cha juu cha mshahara. Tumezoea kusikia serikali na vyama vya wafanyakazi vikipigania kima cha chini, ili mnyonge asidhulumiwe. Mabwana wa Ligi walikuwa wamekigeuza jambo hilo juu chini. Tangu mwaka 1901 waliweka kiwango ambacho hapana mchezaji anayeruhusiwa kukizidi, ambacho hapo mwanzo kilikuwa pauni 4 kwa juma. Kufikia mwaka 1958 kilikuwa pauni 20 wakati wa msimu na pauni 17 wakati wa likizo ya kiangazi. Viwanja vilijaa makumi ya maelfu ya watu, viingilio vilikusanywa, lakini aliyewavuta watu wale alipewa kiasi kile kile, awe hodari awe wa kawaida.

Si kwamba wachezaji walilala. Chama chao kiliundwa katika mji wa Manchester mwezi Desemba 1907, na miongoni mwa waanzilishi alikuwa Billy Meredith, winga mashuhuri aliyefanya kazi mgodini angali mtoto. Mwaka 1912 chama kilimsaidia mchezaji aitwaye Kingaby kuishtaki Aston Villa kwa jambo hili hili la kumfungia mtu asiende kucheza kwingine. Wakashindwa. Kesi iliendeshwa vibaya, gharama zikawaangukia, na chama kikabaki taabani. Tangu siku hiyo, kwa muda wa miaka hamsini, kila aliyewaza kwenda mahakamani alikumbushwa yaliyompata Kingaby.

Basi tumrudie Eastham. Kufikia msimu wa 1959 na 1960 alikuwa amekosana na wakuu wa Newcastle. Alidai kuwa nyumba aliyopewa na klabu haikufaa kukaliwa na watu. Kwamba kazi ya ziada aliyotafutiwa haikuwa ya maana. Na kwamba klabu ilijaribu kumzuia asiende kuichezea timu ya taifa ya vijana. Aliomba aondoke. Klabu ikakataa. Mkataba wake ulipokwisha katikati ya mwaka 1960, hakutia sahihi mwingine. Klabu ikambakiza katika orodha. Akakata rufani kwa kamati ya Ligi. Kamati ikaona kuwa hilo ni shauri baina yake na klabu yake.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo wachezaji wengi hawakuthubutu, kwa kuwa wana watoto wa kulisha. Aligoma, peke yake. Aliondoka kaskazini, akasafiri hadi kusini mwa nchi karibu na London, na rafiki wa jamaa yake, Ernie Clay, akampa kazi ya kuuza bidhaa za lile gome jepesi litengenezwalo vizibo vya chupa. Miezi ikapita. Msimu mpya ukaanza, wenziwe wakawa uwanjani, ilhali yeye, mmoja wa viungo bora wa nchi nzima, anazunguka na sampuli za vizibo. Twapenda wasomaji waitafakari picha hiyo. Mgomo wa watu elfu una nyimbo na bendera, na mtu akiogopa hushikwa mkono na aliye karibu naye. Mgomo wa mtu mmoja hauna cho chote kati ya hayo.

Mwishowe Newcastle ilichoka. Mwezi Novemba 1960 ilimwachia aende Arsenal kwa pauni 47,500. Katika mchezo wake wa kwanza, dhidi ya Bolton mwezi Desemba, alifunga magoli mawili.

Wakati huo huo chama cha wachezaji, chini ya mwenyekiti Jimmy Hill, mchezaji wa Fulham, na katibu Cliff Lloyd, kilikuwa kimeamua kupambana na kile kima cha juu cha mshahara. Mikutano ilifanyika sehemu mbalimbali za nchi, na wachezaji wakapiga kura kwa wingi mkubwa kwamba watagoma. Katika mkutano wa Manchester husimuliwa kisa ambacho hatuwezi kukiacha. Mchezaji kijana alisimama akasema kuwa baba yake ni mchimba makaa, hutoka shimoni amechoka na amechafuka, na hapati hata hizo pauni 20. Je, sisi wacheza mpira tuna haki gani ya kudai zaidi? Ukumbi ukanyamaza, kwa kuwa lilikuwa swali la kweli. Ndipo akainuka Tommy Banks, beki wa Bolton, ambaye mgodi aliujua. Akasema kwamba kazi ya mzee yule yeye anaweza kuifanya. Lakini amwulizie mzee, je, yeye ataweza kumzuia Stanley Matthews mbele ya maelfu ya watu? Matthews, kwa wasiomjua, alikuwa winga ambaye mabeki walimwota usiku.

Sisi twakiri kuwa jawabu la Banks ni tamu kuliko lilivyo kamili. Mchimba makaa alistahili zaidi ya alichopewa, na haki yake haikupungua kwa sababu mchezaji naye alidai yake. Kosa la yule kijana, ikiwa tuliite kosa, ni kudhani kuwa fungu la wafanyakazi ni moja tu, na atakayechukua zaidi atakuwa amemnyang'anya mwenziwe. Fungu walilogombania wachezaji halikuwa katika mfuko wa mchimba makaa. Lilikuwa katika sanduku la viingilio, na viingilio vile, kwa sehemu kubwa, alivitoa yeye huyo mchimba makaa kila Jumamosi.

Mgomo ulipangwa kuanza tarehe 21 Januari, 1961. Siku tatu kabla yake waajiri walisalimu amri, kima cha juu kikafutwa. Fulham ikamlipa Johnny Haynes, nahodha wa Uingereza, pauni 100 kwa juma. Lakini kile kifungo cha kwanza, cha kumbakiza mtu kwa nguvu, kilisalia. Na hapa ndipo kisa cha Eastham kinapotugusa zaidi.

Yeye alikwisha kupata alichokitaka. Alikuwa London, katika klabu kubwa, na mshahara hauna tena dari. Mtu wa kawaida angesema: ya Newcastle yamepita, niacheni nicheze mpira. Lakini chama kilimwendea kikamwomba aendelee na kesi, si kwa ajili yake bali kwa ajili ya wale ambao hawajapata Arsenal ya kuwachukua, wachezaji wa daraja la nne ambao hakuna gazeti liandikalo majina yao. Chama kikajitwisha gharama, kama pauni 15,000, fedha ambazo zilikuwa michango ya wanachama. Eastham akakubali. Akaishtaki Newcastle, na pamoja nayo Ligi na Chama cha Mpira cha Uingereza.

Tarehe 4 Julai, 1963, Jaji Wilberforce wa Mahakama Kuu alitoa hukumu. Alisema kuwa mpango ule wa kumbakiza mchezaji na kumwuza, vikiunganishwa pamoja, ni kizuizi kisicho cha haki juu ya uhuru wa mtu kufanya kazi yake. Waajiri walikuwa wameleta hoja kwamba bila ya mpango huo klabu tajiri zitawachukua wachezaji wote na mchezo utakufa. Jaji alizisikiliza, akazipima, akaona kuwa hazitoshi kuhalalisha kifungo hicho. Alieleza pia, kwa maneno ambayo yangeweza kutoka kinywani mwa kiongozi yeyote wa wafanyakazi, kwamba mpango huo ni wa waajiri, uliojengwa katika kazi ambayo waajiri wamesimama pamoja kama jabali.

Na fedha je? Eastham alikuwa amedai mishahara na marupurupu ya ile miezi aliyouza vizibo, kiasi cha pauni elfu moja na kidogo. Hakupewa. Jaji alishika kuwa kumlipa au kutomlipa wakati ule lilikuwa jambo la hiari ya klabu. Yaani mtu aliyewafungulia mlango maelfu ya wenziwe alitoka mahakamani mfuko mtupu.

Isidhaniwe kwamba mambo yalinyooka siku ile ile. Ligi ilirekebisha kanuni zake: klabu ikitaka kumbakiza mtu ilibidi impe masharti yasiyopungua yale ya zamani, na pakawekwa baraza la kuamua ugomvi. Ilipita miaka mingine kumi na mitano, hadi 1978, ndipo wachezaji wa Uingereza walipopewa uhuru wa kuhama mkataba unapokwisha, na hata hivyo klabu mpya ililazimika kulipa ada. Ada hiyo iliondolewa na kiungo mwingine, Jean-Marc Bosman wa Ubelgiji. Mkataba wake na klabu ya Liège ulipokwisha mwaka 1990, klabu ilitaka kumpunguzia mshahara kutoka faranga 120,000 za Kibelgiji kwa mwezi hadi 30,000, na alipotaka kwenda Dunkerque ya Ufaransa, akazuiwa. Alipigania haki kwa miaka mitano, huku akizunguka katika klabu ndogo, hadi kisiwa cha Réunion katika bahari yetu hii ya Hindi. Tarehe 15 Desemba, 1995, Mahakama ya Ulaya kule Luxembourg ikampa haki. Kuanzia hapo mchezaji wa nchi za Umoja wa Ulaya ambaye mkataba wake umekwisha aliweza kuhamia nchi nyingine ya Umoja huo bila ya klabu yake ya zamani kudai hata senti. Wengine walitajirika kwa hukumu hiyo. Bosman mwenyewe hakuwa miongoni mwao. Alikuwa amekwisha kupita umri wake mzuri wa kucheza.

Hata kwetu hukumu hizo zimefika, kwa kuwa shirikisho letu la mpira limo chini ya FIFA, na kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji mwenye mkataba uliobakiwa na miezi sita au chini ya hapo kuzungumza na klabu nyingine na kutia sahihi. Kijana wa Dar es Salaam atumiapo ruhusa hiyo hapati habari kwamba kuna mtu aliyeuza vizibo kwa ajili yake.

Tunajua wasomaji wengi watamkumbuka hapa Feisal Salum, kiungo wetu, ambaye mwezi Desemba 2022 alitaka kuuvunja mkataba wake na Yanga. TFF ikaamua kuwa yeye bado ni mchezaji wa Yanga, na mwezi Juni 2023 klabu hizo zikapatana akaenda Azam. Mashabiki waligawanyika vikali. Sisi tunasema tu kwamba mashauri haya mawili yasichanganywe. Mkataba wa Feisal ulikuwa bado hai, na mkataba ulio hai unazifunga pande zote mbili. Ule wa Eastham ulikuwa umekufa, na klabu ikadai kuimiliki maiti yake. Hata hivyo, swali la mchezaji afanyeje anapotaka kutoka kabla ya siku zake kwisha nalo limefika mahakamani. Tarehe 4 Oktoba, 2024, mahakama ile ile ya Luxembourg ilitoa hukumu katika shauri la Lassana Diarra, Mfaransa, kiungo naye, na kukuta kuwa baadhi ya kanuni za FIFA zilizombebesha mzigo wa fidia ya mamilioni na kuiogopesha klabu iliyotaka kumwajiri zinapingana na sheria ya Ulaya. Hatujui kwa nini ni viungo daima. Pengine ni kwa sababu kazi yao ni kutazama pande zote.

Eastham alicheza Arsenal hadi mwaka 1966 bila ya kutwaa kombe lolote. Alivaa jezi ya Uingereza mara 19, mara ya kwanza dhidi ya Brazil mwezi Mei 1963, majuma machache kabla ya hukumu. Mwaka 1966 alikuwemo katika kikosi kilichotwaa Kombe la Dunia, lakini hakuchezeshwa hata mchezo mmoja, na kwa desturi ya wakati ule medali walipewa kumi na mmoja wa fainali tu. Wale waliokaa benchi walipewa zao mwaka 2009, baada ya miaka 43.

Kutoka Arsenal alikwenda Stoke City, klabu ya mji wa wafinyanzi wa vyungu na vikombe, klabu iliyokuwa na umri wa zaidi ya miaka mia bila ya kombe kubwa hata moja. Tarehe 4 Machi, 1972, Stoke ilikutana na Chelsea katika fainali ya Kombe la Ligi uwanjani Wembley. Matokeo yalikuwa goli moja kwa moja kipindi cha pili, ndipo kipa wa Chelsea akautema mpira, na mtu wa kwanza kuufikia alikuwa Eastham, mwenye umri wa miaka 35, aliyeanza kupungukiwa na nywele. Akausukuma wavuni. Hilo ndilo kombe kubwa pekee ambalo Stoke imelipata hadi leo.

Aliifundisha klabu hiyo kwa muda mfupi bila mafanikio, akaondoka mwezi Januari 1978, akahamia Afrika ya Kusini. Huko, siku za ubaguzi, aliwafundisha mpira watoto weusi na hakuficha kuwa anauchukia utaratibu ule wa serikali ya makaburu. Alifariki mwezi Desemba 2024, akiwa na miaka 88, majuma yasiyotimia kumi na mawili baada ya hukumu ya Diarra kusomwa.